Kutu haiui bomu: Somo juu ya silaha za zamani zilizofichwa

Familia nyingi za Lubondja, Fizi na Baraka zimekimbia makwao zaidi ya mara moja. Zinaporudi, hukuta nyumba imeanguka na shamba limekuwa pori. Mara nyingine hukuta pia kitu cha chuma kimelala kwenye udongo: bunduki ambayo mti wake umeliwa na mchwa, kopo la risasi, au guruneti iliyogeuka rangi ya udongo wenyewe. Mtu mmoja akiiona imejaa kutu husema, “Hii imekwisha kufa.” Mwingine husema, “Tukiisafisha itafaa.” Maneno yote mawili yanaweza kuleta msiba.

Somo hili ni kwa ajili ya familia zilizohama makwao, zile zilizowapokea wageni, na viongozi wao. Linaweza kusomwa kwa kikundi, kwenye kivuli cha mti au ndani ya darasa. Kiongozi wa kikundi alisome kwanza peke yake, kisha aandae zoezi la misumari siku 7 kabla ya mkutano.

KUSUDI LA SOMO

Mwisho wa somo, wanakikundi waweze:

• kueleza kutu ni nini na inaletwa na nini;
• kueleza kwa nini silaha yenye kutu ni hatari kuliko inavyoonekana;
• kujua la kufanya wanapokuta silaha au risasi za zamani;
• kujua maswali ya kuuliza pale silaha zinapokusanywa na kuwekwa ghalani.

SILAHA HIZI ZILITOKA WAPI?

Ardhi ya Fizi imepitiwa na vita kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, na silaha zilivushwa Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka kwa njia hiyo akafika Kibamba. Novemba mwaka huohuo aliondoka, vita vikiwa vimemshinda. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila na wenzake walianzisha chama cha PRP, na wapiganaji wake wakakaa miaka mingi katika milima ya Fizi, mahali palipoitwa Hewa Bora. Kisha vikaja vita vya 1996, na vile vya 1998, na vikundi vya Maimai. Tangu 2019 mapigano ya nyanda za juu za Minembwe na Itombwe yamewatoa tena watu wengi makwao.

Kila vita viliacha vyuma vyake. Walioshindwa walizika silaha ili wazirudie siku nyingine. Waliokimbia walizitupa mtoni au porini. Wengine waliziweka darini, chini ya kitanda, au ndani ya shimo nyuma ya nyumba. Mara nyingi aliyeficha alikufa au alihama, na siri ikaondoka naye. Leo mke wake, watoto wake, au wageni waliopewa shamba hilo walime, ndio wanaoishi juu ya siri hiyo.

KUTU NI NINI?

Chuma hakipendi kukaa peke yake. Kikikutana na maji pamoja na hewa, huungana navyo na kugeuka kuwa unga mwekundu au wa kahawia. Unga huo ndio kutu. Ili kutu ianze, maji na hewa lazima viwepo pamoja. Si lazima yawe maji ya mvua: unyevu wa hewa watosha. Usiku hewa ikipoa, umande hutua juu ya chuma hata ndani ya nyumba, kama unavyotua juu ya bati.

Mambo yafuatayo huongeza kasi ya kutu:

• Chumvi. Jasho la mkono lina chumvi. Ndiyo maana alama za vidole huonekana kwanza kwenye panga lililong'arishwa.
• Kitambaa, udongo au majani yaliyofunika chuma. Hushika maji kama sifongo.
• Moshi na majivu yenye unyevu. Silaha iliyofichwa juu ya jiko haikauki kama watu wanavyodhani.
• Kutu yenyewe. Tofauti na rangi, kutu haifuniki chuma vizuri. Ina matundu madogo yanayopitisha maji, na humenyuka kwa magamba ili chuma kipya kiliwe.

Katika milima yetu msimu wa mvua ni mrefu, na hata kiangazi kina ukungu wa asubuhi. Chuma kilichozikwa hapa huliwa upesi.

Zoezi la misumari minne

Chukua misumari 4 mipya na chupa 4 safi.

1. Msumari wa kwanza uweke katika chupa iliyo kavu kabisa, uifunge.
2. Wa pili uweke katika maji kidogo, nusu yake iwe nje ya maji.
3. Wa tatu ufanye vivyo hivyo, lakini ndani ya maji yenye chumvi.
4. Wa nne upake mafuta mwili mzima, kisha uuweke katika maji kama wa pili.

Baada ya siku 7 kikundi kitazame. Uliza: Ni upi umeharibika zaidi? Ni upi umebaki mzima? Kwa nini? Wanakikundi wataona wenyewe kwamba ukavu na mafuta ndivyo vinavyozuia kutu.

KUTU HULA KUFULI KWANZA

Sasa tufike kwenye jambo kuu la somo. Fikiri kwamba chui amefungiwa ndani ya banda, na mlango una kufuli la chuma. Banda hilo likiachwa kwenye mvua, kufuli litashika kutu. Je, chui naye atashika kutu? Hapana. Kufuli litavunjika, naye chui yumo ndani mzima.

Silaha ni kama banda hilo. Ina sehemu mbili: sehemu inayoua na sehemu inayozuia isiue kabla ya wakati. Sehemu inayozuia ni chuma chembamba: springi, pini, kifungo cha usalama. Vyuma hivi vyembamba ndivyo kutu huvimaliza mapema. Sehemu inayoua ni baruti na vilipuzi, na hivyo si chuma. Havishiki kutu.

Guruneti. Mkono wake wa chuma unashikiliwa na pini nyembamba. Pini ikiliwa na kutu, hukatika kwa kuguswa tu, au mtoto akiinua guruneti kutoka udongoni. Mlipuko wa ndani waweza kuwa mzima kabisa.

Bunduki. Ndani yake mna kijiti kidogo cha chuma kinachogonga kitako cha risasi. Kutu ikikishika kikiwa kimetokeza mbele, bunduki yaweza kujifyatua yenyewe wakati risasi inaingizwa. Kifungo cha usalama chaweza kuonekana kimefungwa, kumbe ndani hakishiki kitu. Mtutu uliojaa kutu au udongo hupasuka mbele ya uso wa anayefyatua. Tena mara nyingi risasi imebaki ndani ya bunduki, imegandana na kutu, wala haionekani kwa nje.

Risasi. Maganda ya shaba hugeuka kijani, na yale ya chuma huwa mekundu. Baruti iliyomo huharibika polepole yenyewe, hasa mahali penye joto, na ikiharibika hutoa gesi yenye asidi inayokula ganda kutoka ndani. Risasi kama hiyo yaweza kukataa kulia leo, ikalia kesho kwenye moto.

Mabomu na makombora. Hayo ndiyo yanayodumu kuliko yote. Katika nchi ya Ubelgiji wakulima bado hufukua mabomu ya vita vya 1914 hadi 1918 wanapolima. Mwezi Machi 2014, mjini Ypres, wafanyakazi wawili wa ujenzi waliuawa na bomu la vita hivyo. Lilikuwa limekaa ardhini karibu miaka 100. Ikiwa miaka 100 haikuliua, miaka 20 au 60 ya mvua za Fizi haitayaua yaliyo hapa kwetu.

MFANO WA KUJADILI

Mfano huu si habari ya familia fulani. Umetungwa ili kusaidia mazungumzo.

Baba mmoja amerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, baada ya miaka mingi. Akichimba msingi wa nyumba anakuta bunduki imefungwa ndani ya nailoni, pamoja na mfuko wa risasi. Ni ya marehemu kaka yake. Mkewe anamwambia, “Baba wa watoto, kitu hicho kisilale hapa.” Naye anajibu, “Mama, na wale jamaa wakirudi usiku, nitawapokea na nini?” Anaisugua bunduki kwa mchanga, anaipaka mafuta ya mawese, anaificha darini. Mfuko wa risasi anauweka karibu na jiko ili ukauke.

Wiki ya pili mtoto wao wa miaka 10 anapanda darini kutafuta mahindi ya mbegu.

Mfano unaishia hapo. Kikundi kiseme wenyewe mambo yanayoweza kutokea. Kisha waulize: Hofu ya baba ni ya uongo? Hapana, hofu yake ni ya kweli. Watu wengi wa Fizi wameshambuliwa usiku. Lakini je, bunduki ile itamlinda? Huenda isilie siku anayoitaka, ikalia siku asiyoitaka. Ikilia, wenye silaha nyingi na nzima watajua ni nyumba gani. Na kikosi chochote kikija kupekua, mwenye bunduki atahesabiwa kuwa mpiganaji, yeye na wanawe. Tena sheria ya Kongo ya mwaka 1985 juu ya silaha na risasi haimruhusu raia kuwa na silaha bila kibali.

USISAFISHE, USIFUNGUE, USICHOME

Wako watu wenye ufundi wa mikono: wahunzi, mafundi baiskeli, waliowahi kuwa askari. Hao ndio hujaribiwa zaidi kusema, “Niachie, nitaiondoa kutu.” Tuwaeleze kwa heshima kwamba kwa silaha iliyookotwa, kusafisha ndiko kunakoua. Kusugua, kugonga, kulowesha mafuta ili sehemu zilizogandana ziachie: yote haya huamsha kile kilichokuwa kimeshikiliwa na kutu tu.

Kwa hiyo:

• Usisugue wala kugonga chuma usichokijua.
• Usijaribu kutoa risasi iliyokwama ndani ya bunduki.
• Usitupe risasi motoni wala mtoni, wala ndani ya choo.
• Usipeleke kwa mhunzi wala kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.
• Usifungue risasi ili kupata baruti ya kuwindia au ya kuvulia samaki.
• Usichome shamba lililokaa miaka mingi bila mtu kabla ya kuwauliza wazee kama palikuwa na kambi au mapigano. Moto wa kutayarisha shamba hulipua vitu ambavyo jembe halijavifikia.

Watoto wafundishwe maneno matatu tu, nao wayarudie kila siku: Simama. Usiguse. Sema.

UKIKUTA SILAHA AU RISASI

1. Simama. Usisogee mbele. Waambie ulio nao wasimame pia.
2. Rudi kwa njia ileile uliyoijia, ukikanyaga ulipokanyaga.
3. Weka alama, lakini mbali na kitu chenyewe, mahali salama kando ya njia: vijiti viwili vilivyopishana, au rundo la mawe. Usichomeke kijiti karibu na kitu hicho.
4. Kumbuka mahali: karibu na mti gani, kijito gani, shamba la nani. Kumbuka umbo na ukubwa wake. Usirudi kutazama tena.
5. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa mkuu wa kijiji, mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya, au kiongozi wa dini unayemwamini. Yeye apeleke habari kwa uongozi wa kisekta na wa teritwari, na kwa mashirika yenye kazi ya kuondoa mabomu au kwa Msalaba Mwekundu.
6. Wajulishe majirani, hasa watoto wanaochunga mbuzi na wanaochota maji.

Zamani watu walizoea kusubiri magari meupe ya Umoja wa Mataifa. MONUSCO ilimaliza kazi zake Kivu Kusini tarehe 30 Juni 2024. Kwa hiyo kamati za vijiji zina kazi kubwa kuliko zamani. Taarifa ikichelewa kujibiwa, alama ilindwe na onyo lirudiwe kanisani, msikitini, shuleni na sokoni, hadi wataalamu wafike. Mafundisho yaleyale yaandikwe kwenye daftari la kijiji: tarehe, mahali, kitu kilichoonekana, na nani aliarifiwa. Mkuu wa kijiji akibadilishwa, daftari libaki.

IKIWA SILAHA IMO NYUMBANI MWAKO

Usitembee nayo barabarani kuipeleka mahali. Mtu anayeonekana na bunduki njiani anaweza kupigwa risasi, au kukamatwa, kabla hajaeleza nia yake. Usiihamishe usiku. Ongea kwanza na mtu mmoja unayemwamini katika kamati, bila silaha mkononi. Wakubaliane ni nani ataifuata, siku gani, saa ya mchana, na mbele ya mashahidi gani. Hadi siku hiyo, watoto walale mbali na chumba hicho, moto usiwashwe karibu, na mtu asiiguse.

Nao viongozi wasiigeuze nyumba ya mwami, kanisa au kituo cha afya kuwa ghala. Mahali pakijulikana kuwa na silaha, pameondolewa heshima yake, na wanaozitaka watakuja kuzichukua.

SILAHA ZIKIKUSANYWA: MASWALI YA VIONGOZI

Tangu 2003 Kongo imekuwa na mipango kadhaa ya kupokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia. Ule wa sasa, unaoitwa P-DDRCS, uliundwa Julai 2021. Kukusanya silaha ni hatua ya kwanza tu. Zinawekwa wapi baada ya hapo? Hili ni swali la kila raia, kwa sababu ghala baya ni hatari kwa mji mzima.

Tukumbuke yaliyotokea. Tarehe 14 Aprili 2000, risasi na mabomu yalilipuka kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa. Tarehe 22 Machi 2007 ghala la Malhazine mjini Maputo, Msumbiji, lililipuka wakati wa joto kali, na watu zaidi ya 100 wakafa. Dar es Salaam iliona Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Brazzaville, ng'ambo tu ya mto kutoka Kinshasa, ilipoteza watu zaidi ya 200 tarehe 4 Machi 2012. Mabomu yaliruka na kuangukia nyumba za watu waliokuwa wakiishi karibu na maghala.

Kiongozi wa jamii hahitaji kuwa mwanajeshi ili aulize maswali haya kwa wenye dhamana:

• Je, risasi na mabomu vimetengwa na bunduki, katika jengo lingine?
• Je, ghala liko mbali na nyumba, soko na shule?
• Je, paa halivuji, na hewa inapita ili unyevu na joto visikae? Je, vitu vimewekwa juu ya mbao, si juu ya sakafu wala kugusa ukuta?
• Je, kila silaha imeandikwa kwa namba yake, na kuna funguo 2 zinazoshikwa na watu 2 tofauti?
• Je, mtaalamu hupita kukagua kutu, na kuziondoa risasi zilizoharibika?
• Je, silaha zisizohitajika zitateketezwa lini, na nani atashuhudia?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Silaha inayotunzwa vizuri ghalani, ikavuja kupitia mlango wa nyuma, itarudi kutuua. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Kongo ikiwamo, zilitia sahihi Mkataba wa Nairobi tarehe 21 Aprili 2004. Katika mkataba huo zilikubaliana kuzitia silaha alama, kuziandika, na kuziteketeza zile zilizozidi. Kenya, kwa mfano, ilichoma bunduki zaidi ya 5,000 hadharani huko Ngong mwezi Novemba 2016. Watu wakiona kwa macho yao silaha zikikatwa au kuchomwa, wanaamini. Wasipoona, kila mmoja anabaki na yake darini.

TUJIFUNZE KUTOKA MSUMBIJI

Vita vya Msumbiji viliisha mwaka 1992, lakini silaha zilibaki zimezikwa kila mahali. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane, lilianza mpango wa kugeuza silaha kuwa majembe. Aliyeleta silaha, au aliyeonyesha zilipozikwa, alipewa chombo cha kazi: jembe, cherehani, baiskeli, au vifaa vya kujengea. Silaha hazikutunzwa. Ziliharibiwa, na vipande vikapewa wasanii. Mwaka 2001 msanii anayeitwa Kester alitengeneza kiti cha enzi kutokana na vipande hivyo, na leo kiti hicho kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London.

Tunajifunza nini?

• Mtu hakuulizwa, “Ulimuua nani kwa hii?” Kama angeulizwa, asingekuja.
• Alipewa kitu cha kumlisha, si hotuba tu.
• Silaha iliharibiwa, haikuhamishiwa kwa mwingine.
• Hakuna upande mmoja ulioachwa uchi mbele ya mwingine.

Jambo la nne ni gumu zaidi kwetu. Wabembe hawawezi kuweka silaha chini peke yao, wala Wanyamulenge peke yao, wala Wafuliiru peke yao. Kijiji kitakachotoa silaha huku jirani anazinoa za kwake kitajuta. Kwa hiyo mazungumzo ya silaha yaanze na mazungumzo ya njia za ng'ombe, mashamba, masoko, na wafu ambao bado hawajaombolezwa pamoja. Hofu ya yule baba katika mfano wetu haitaondolewa na somo la kutu. Itaondolewa na jirani anayelala bila silaha kama yeye.

CHUMA KINACHOSTAHILI KUTUNZWA

Tumesema chuma cha kuua kisisafishwe. Lakini nyumbani kuna chuma kinachostahili kila tone la mafuta tulilo nalo: jembe, panga, shoka, baiskeli, cherehani. Familia iliyohama mara nyingi ina jembe moja tu. Likiharibika, msimu umepotea.

• Baada ya kulima, ondoa udongo wote, osha, pangusa kwa kitambaa kikavu. Usiache jembe shambani lilale na umande.
• Litundike ukutani au darini. Lisisimame juu ya udongo.
• Lisipotumika kwa muda mrefu, lipake mafuta mepesi ya mashine. Visu vya jikoni vipakwe mafuta ya kula, vioshwe kabla ya kutumiwa.
• Kutu ikianza, isugue kwa mchanga, majivu au kipande cha tofali. Kutu ngumu ipake maji ya ndimu, iache kwa saa chache, isugue, ioshe vizuri, ikaushe mara moja, kisha ipake mafuta. Ukiacha maji ya ndimu bila kuosha, yataleta kutu mpya.
• Kagua mpini. Chuma kizuri juu ya mpini uliolegea huumiza mtu.

Kikundi kinaweza kupanga siku moja kwa mwezi ambapo watu wa makabila yote, wenyeji na wageni, huleta zana zao kwa mhunzi mmoja na kuzitengeneza pamoja. Ni kazi ndogo, lakini watu waliotengenezeana majembe wana mahali pa kuanzia mazungumzo mengine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni mahali gani katika kijiji chetu ambapo wazee wanajua palikuwa na kambi au mapigano? Je, vijana na wageni wamekwisha kuambiwa?
2. Kwa nini watu wetu bado wanaficha silaha? Tutaje sababu za kweli, bila kumtaja mtu.
3. Mtoto akikuta risasi leo, atamwambia nani? Je, ataogopa kupigwa? Tufanye nini asiogope?
4. Wanawake mara nyingi ndio wanaojua kilichomo darini. Kamati yetu ina wanawake wangapi, na je, wanasikilizwa?
5. Tunamwamini nani kwa kupeleka taarifa? Kama hakuna, tutamchagua nani, na jirani zetu wa kabila lingine watamkubali?
6. Ni jambo gani moja ambalo lingemfanya yule baba wa mfano wetu alale bila bunduki?

Kabla ya kuachana, kikundi kichague watu 2 wa kupita nyumba kwa nyumba wiki hii wakiwafundisha watoto yale maneno matatu: Simama. Usiguse. Sema. Kisha kipange siku ya kutengeneza majembe.